Joto la Yai, Baridi ya Papa Kalala

Vijana wa kazini wameniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiangua vifaranga kabla ya mashine zenye tarakimu nyekundu, nami nimekubali kwa sababu sasa nina muda mwingi na magoti machache. Najua wengine wangependa kusikia nilipanda cheo lini na mshahara wangu ulikuwa nini. Hayo nayaruka. Nitasema juu ya kazi yenyewe, na kazi yetu, ukiiondolea manyoya na harufu, ilikuwa moja tu: kujua kama kuna joto au kuna baridi. Mtadhani ni jambo jepesi, ambalo kila mwenye ngozi analijua. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka kumi.

Nilianza mwezi wa sita, wakati Lubumbashi inapovuma ule upepo mkavu unaopasua midomo. Nilikuwa mgeni mjini, nimetoka Mitwaba kuja kuolewa Kamalondo na fundi cherehani ambaye baadaye, tulipopata mtoto, nikaanza kumwita Baba Mwilu. Naye ni mtu wa huko huko kwetu milimani. Kule kwetu maji ya mtungi yanauma meno asubuhi na hakuna anayelalamika. Basi siku ya kwanza nilifika kuvwari, ndivyo tulivyoita kituo chetu cha kuangulia vifaranga, nimevaa blauzi ya mikono mifupi na kitenge. Aliyenipokea langoni alikuwa mwanaume wa makamo mwenye pulova mbili, yaani sweta, moja juu ya nyingine, shali shingoni na kofia ya sufu iliyofunika masikio yote mawili. Huyo alikuwa Papa Kalala, mkuu wa chumba cha mashine.

"Weye, hausikie baridi?" akaniuliza.

"Hapana, Papa. Mi minaona iko muzuri tu."

"Unatoka wapi?"

"Mitwaba."

Alinitazama mikono kama mtu anayekagua nyama buchani. "Bon," akasema. "Tuliomba mufanyakazi, banatuletea frigo."

Jina langu ni Ngoie, lakini tangu asubuhi ile likawa Frigo, yaani jokofu. Wengi wenu mliniita hivyo bila kujua limetoka wapi.

Papa Kalala hakuniruhusu kushika yai kwa siku nne nzima. Nilifagia, nikachemsha maji, nikamwangalia. Siku ya tano akanifundisha kugeuza mayai mara tano kwa siku bila kuyatikisa, na kuyamulika siku ya saba kwa taa iliyofichwa ndani ya kopo lenye tundu. Ukiona mishipa inatambaa kama mizizi ya mche wa nyanya, yai lina uhai. Usipoona kitu, ni yai la kukaanga, na mwenye kuvwari hakuwa na haja ya kujua tumekula mangapi. Aliniambia pia kwamba kifaranga anasema lakini yai halisemi. Vifaranga wakisikia baridi hujikusanya katikati na kulia. Wakisikia joto hukimbilia kuta na kupanua midomo. Yai linakaa kimya siku ishirini, na siku ya ishirini na moja ndipo linakuambia kama ulikosea.

Ugomvi wetu ulianza na madirisha ya chumba cha kulelea vifaranga. Yeye alifunga, mimi nikafungua. Nikitoka kwenda kuchota maji, nikirudi yamefungwa. Mwezi wa kumi, jua linapoichoma Lubumbashi kabla mvua haijanyesha, mimi nilikuwa nayeyuka, nimeloa mgongo mzima, na yeye alikuwa anavua pulova moja polepole na kusema, "Sasa dunia inaanza kupata akili." Tulibishana hivyo mwaka baada ya mwaka, na sijui kama kuna ugomvi nilioupenda kuliko huo.

Kama ilivyo desturi ya mji wetu, nilipata maelezo ya haraka. Kalala anasikia baridi kwa sababu asili yake ni Kasai, na Kasai ni nchi ya joto. Nikaona nimemaliza. Papa Kalala mwenyewe alizaliwa Kamalondo, mtaa wa pili kutoka kwangu, maana baba yake alikuja zamani kufanya kazi ya ukarani. Jina Kalala wanalo Waluba wa Kasai na wanalo Waluba wa Katanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kamalondo mpaka kwenye matusi. Ukimsikia usingejua kuwa asili yake ni Kasai. Mimi ndiye niliyetunga utani kwamba Mkasai utamjua kwa pulova yake: "Mukasai utamuyua na pulova." Niliusema kwenye bomba la maji, niliusema kwenye harusi, niliusema hata msibani pale watu walipohitaji kucheka. Yeye naye alicheka. Ulimi hauna mfupa, na wangu wakati huo haukuwa hata na gegedu.

Mtu wa tatu katika habari hii ni Paluku. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Lubero, Kivu ya Kaskazini, mlokole mwenye lori na depo ya maharage, na ndiye aliyetubebea vifaranga kwenda Likasi. Lubero ni juu kuliko hata Mitwaba. Mwezi wa saba Paluku alitembea mjini na shati la mikono mifupi, akifungua kifungo cha juu kana kwamba anaona jua ambalo sisi hatulioni. Safari yake ya kwanza na vifaranga wetu aliona hewa ni nzuri, akaacha turubai wazi njia nzima. Alifika na makasha ambamo vifaranga wamepandana kwenye pembe, walio juu wanatetemeka na walio chini wamekufa.

Papa Kalala hakumfokea. Alichukua kifaranga mmoja aliyesalia katika kasha lililorudishwa, akamgusisha Paluku miguu yake shavuni. "Unasikia?"

"Iko baridi sana," Paluku akasema, ameshtuka.

"Njo vile. Usiulize ngozi yako. Uliza miguu ya kifaranga."

Paluku hakusahau tena turubai. Nimewafundisha wengi wenu kuweka miguu ya kifaranga shavuni, na mmekuwa mkicheka. Basi jueni ni somo lililogharimu makasha sita.

Kisha ikaja miaka ya kuanguka kwa kila kitu. Ninyi mnaijua kwa kusimuliwa. Askari walipora, kisha raia wakapora kile askari walichoacha. Kuvwari yetu iliporwa kwa siku mbili. Walichukua jenereta, wakachukua kuku wa mbegu wakiwa hai, wakining'inia mabegani, wakachukua milango, na mtu mmoja akachukua vipimajoto vyote kutoka ndani ya mashine. Mpaka leo najiuliza alipima nini. Mwenye kuvwari alipanda ndege na hatukumwona tena. Tukabaki wafanyakazi tisa, mashine mbili za mbao ambazo hakuna aliyeweza kuzinyanyua, na kuku wachache ambao Paluku alikuwa amewaficha kwenye depo yake nyuma ya magunia ya maharage. Kuku wale walikuwa wamezeeka. Tulijua mayai yao ya mwisho ndiyo yatakayotupa kuku wengine wa mbegu, au kuvwari ife na sisi tisa turudi nyumbani kutazamana na watoto wetu.

Umeme ulikuja ulipotaka. Papa Kalala akaondoa mashine kwenye umeme kabisa. Tulichemsha maji kwa makaa nje, kwenye mbabula nne, yale majiko ya bati, tukayamimina ndani ya mapipa madogo na kuyaingiza chini ya trei za mayai, tukaziba mashine kwa mablanketi. Ubavuni alitoboa vitundu vya kupitisha hewa, vyenye vizibo vya gunzi la mahindi. Kukiwa na joto unachomoa gunzi. Kukiwa na baridi unarudisha na kuongeza maji ya moto. Lakini nani aseme kama kuna joto?

Njia ya watu wa zamani ni kuweka yai juu ya kope la jicho lililofumbwa, kwa sababu ngozi ya pale ni nyembamba na haidanganyi sana. Papa Kalala aligundua kwamba inadanganya. Ukitoka nje kwenye upepo, yai linakuwa moto. Ukitoka kwenye mbabula, yai lile lile ni baridi. Akaweka sheria: kabla ya kupima, mtu akae ndani ya chumba robo saa, mikono kwapani, bila kusema. Hata hivyo, mimi nikiweka yai kwenye kope nilisema, "Iko moto," yeye akaweka lile lile akasema, "Iko baridi." Tulirudia mara nyingi. Nilidhani mmoja wetu itabidi aache kazi.

Yeye akaona jambo ambalo mimi sikuliona. "Frigo," akasema, "siku tukibishana, vifaranga banatoka bazima. Unaona? Weye useme iko moto, mi niseme iko baridi: njo iko muzuri. Tukikubaliana, kuko mubaya."

Akaandika kwa chaki juu ya mlango wa mashine: WAWILI. Hakuna aliyeruhusiwa kupima peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema, na kope moja halipimi yai. Tuliangua mara tatu kwa namna hiyo, vifaranga wachache lakini wenye miguu imara, tukawagawa kwa watu wa kutulelea, ingawa njaa ya miaka ile iliwala karibu wote kabla hawajataga. Hizo ndizo siku nilizojisikia mfanyakazi kweli.

Wakati huo huo mjini yalianza maneno kwamba Lubumbashi ni mji wa Katanga, Wakasai warudi kwao. Mwanzo yalikuwa maneno ya mikutano, kisha yakawa maneno ya barabarani, kisha nyumba zikaanza kuhamwa. Papa Kalala aliendelea kuja kazini. Jina lake halikumsema, ulimi wake haukumsema, na hakuna mtu wa kuvwari aliyezungumza.

Vijana walikuja asubuhi moja ya mwezi wa saba, kama kumi na watano. Walisimama langoni wakauliza, "Hapa kuko Bakasai bangapi?" Mlinzi akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa natoka ghalani na trei ya mayai mikononi. Papa Kalala alisimama nasi, ametulia, na mkubwa wao akamuuliza jina.

"Kalala."

"Kalala wa wapi?"

"Wa Kamalondo."

Ilikuwa kweli tupu, na yule mkubwa alikwisha kugeuka kwenda kwa mwingine. Ndipo mmoja wao akacheka. Nilimjua, ni kijana wa mtaa wetu, nilicheza kwenye ubatizo wa dada yake. "Angalia pulova," akasema. "Ziko mbili. Si Mama Ngoie njo anasemaka? Mukasai utamuyua na pulova."

Wote wakanitazama mimi. Papa Kalala pia alinitazama, bila hasira, alikuwa anangoja tu. Neno moja langu lingetosha. Walinijua, walijua natoka Mitwaba, wangeniamini. Nilifungua mdomo na nikasema hivi, wala sijawahi kumwambia mtu asiyekuwepo pale mpaka leo ninapoandika: "Mayai iko inapoa." Nikaingia ndani nayo.

Niliyapanga kwenye mashine vizuri sana. Nilipotoka, lango lilikuwa tupu. Papa Kalala alikuwa ameambiwa juma lisiishe akiwa mjini, na jioni yake yeye, mke wake na watoto wanne walihamia gari-moshi, namaanisha uwanja wa stesheni, ambako maelfu walikuwa wakingojea treni ya kwenda Kasai bila kujua itakuja lini.

Mayai yale yalikuwa ndani na kazi haikungoja. Nilihitaji mtu wa pili, na wenzetu wengine walikuwa wamejifungia majumbani kwa hofu. Paluku alikuwa mtu mwema na alikuwa karibu, nikamwita. Tulikaa robo saa, mikono kwapani. Niliweka yai kwenye kope nikasema, "Iko moto." Paluku akaweka, akasema, "Iko moto kabisa." Nilifurahi, nawaambia kweli. Baada ya miaka yote ya kubishana, hatimaye mtu anayeona kama ninavyoona. Tulichomoa magunzi. Tulipunguza maji. Siku zote ishirini na moja tuliongea lugha moja, hata siku moja hatukukosana. Siku ya ishirini na moja hakuna yai lililogonga. Ya ishirini na mbili hakuna. Ya ishirini na tatu nilipasua moja, kisha jingine. Vifaranga walikuwa wamekamilika mpaka kucha, wamekufa ndani kwa baridi.

Paluku alikaa chini sakafuni akaomba. Kuku wale wazee walikuwa na mayai ya mara moja zaidi, pengine. Mimi nilifunga kitambaa kichwani nikaenda stesheni, na nilikwenda mchana kweupe nipite mbele ya vijana wa mtaa wetu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujichukia vya kutosha.

Nilimkuta nyuma ya ghala la mizigo, kwenye kibanda cha maturubai. Alikuwa amevaa pulova zote alizokuwa nazo na blanketi juu. Mke wake alinitazama akageuza uso. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha tangu Kamalondo, lakini yeye alitangulia.

"Ku masini iko namna gani?"

"Yote inakufa, Papa."

Akainuka nusu. "Mulikuwa banani?"

"Mi na Paluku."

"Mulibishana?"

"Hapana. Tulikubaliana kila siku."

Hapo ndipo nilipomwona Papa Kalala amekasirika kwa mara ya kwanza maishani. Alishika kichwa. "Frigo mbili," akasema. "Frigo mbili ndani ya chumba moya. Mulifikiri itatoka nini, barafu?"

Nikamwambia sasa sina la kufanya, nitapata wapi Mukasai mwingine wa kunipimia, wote wako hapa. Kisha akanionyesha kwa kidevu mwanaume aliyekuwa amechuchumaa karibu na bomba, amevaa singlendi peke yake, anajimwagia maji kichwani katika upepo ule.

"Ule unamuyua?"

"Hapana."

"Ni kaka yangu. Baba moya, mama moya. Tangu batoto haiyavaa pulova hata siku moya. Anasemaka Lubumbashi iko moto." Akavuta blanketi. "Na mi, Kasai siyafika hata siku moya, Ngoie. Siyue iko namna gani. Ni mi njo niko nasikia baridi. Haiko Kasai."

Nilikaa pale kwenye sanduku lake la nguo, na utani wangu wa miaka kumi ukanirudi neno kwa neno. Nikamwambia, "Papa, ni mi nilikufukuzisha. Ni maneno yangu."

"Ninayua. Nilikuwa pale."

"Nilisema tu mayai inapoa."

"Ilikuwa inapoa kweli. Ata mi ningeingiza mayai kwanza." Alifikiri, na alikuwa mtu wa haki hata pale palipouma. "Lakini ningerudi inje."

Aliniambia nitafute mtu anayesikia baridi, popote, hata kwetu Mitwaba wapo, kisha akaniambia niende kabla kuku hawajaacha kutaga.

Nilifika nyumbani alasiri. Baba Mwilu alikuwa amekaa uani karibu sana na mbabula, na shati lake la kazi, lile pana. Nilimtazama kama ambavyo sikuwa nimemtazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Unasikia baridi?" nikamuuliza.

"Mi? Mi ni muntu wa Mitwaba."

Nikamwendea nikamfungua vifungo vya shati mbele ya majirani. Chini ya shati kulikuwa na pulova ya kijivu, imeingizwa ndani ya suruali vizuri isionekane.

"Tangu siku gani?"

"Tangu tulioana," akasema, anafunga vifungo haraka. "Ningekuambia nini? Kila siku uko nacheka bantu ba pulova. Na hii myezi nani ataivaa inje? Uko naona mashati ninashona? Bantu bote ba Kamalondo banakuya, banasema: fundi, ongeza kidogo, kuingie kintu chini. Bote. Ba Mitwaba, ba Kasenga, bote."

Mji mzima ulikuwa unatetemeka chini ya mashati, na mume wangu alikuwa akiwapimia nafasi. Mimi nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na mmoja nikidhani anapenda tu kulala upande wa ukuta. Nilicheka, kisha nikamwomba msamaha, kwa kuwa huyu angalau nilikuwa naye mkononi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda naye kuvwari. Alivaa pulova juu ya shati, mchana, barabara nzima, na mimi nilimshika mkono. Tuliingiza mayai ya mwisho. Tulikaa robo saa. Niliweka yai kwenye kope. "Iko moto," nikasema.

Akaweka lake, akakunja uso. "Hii? Iko baridi."

"Iko moto, Baba Mwilu."

"Iko baridi, mama. Ongeza maji."

Tulibishana siku ishirini. Tulibishana mpaka nyumbani, juu ya chumvi, juu ya blanketi, juu ya mambo ya mwaka wa harusi yetu. Juma la pili la ubishi huo treni ilikuja. Nilikuwa nimekwenda stesheni na viazi vitamu vya moto ndani ya kitambaa, nikakuta nyuma ya ghala kuna majivu na makopo tu, na wanawake wa reli wanafagia. Niliwapa wao viazi.

Siku ya ishirini niliweka sikio kwenye trei na nikasikia yai likigonga kidogo, toka ndani, kisha jingine upande wa pili. Nilimwita Baba Mwilu asikilize. Alivua pulova yake akaifunika juu ya mashine. Kesho yake chumba kilijaa kelele, na Paluku, aliyekuja kuona, alichukua kifaranga mmoja akaweka miguu yake shavuni bila kuambiwa. Wajukuu wa vifaranga wale ndio waliowalipa ninyi mlipoajiriwa. Sijui kuku wa kuvwari yetu wa leo ni kizazi cha ngapi, lakini hakuna aliyetoka pengine.

Paluku alipata shehena ya samaki wakavu ya kupeleka Kasai mvua zilipokwisha kuanza. Nilimpa ujumbe mmoja tu: mayai yalitoka. Alikaa huko karibu miezi miwili. Aliporudi alikuja moja kwa moja kuvwari, akaegemea mlango wa mashine akipepea shati.

"Nilimuona," akasema. "Iko muzima. Anafuga kuku kidogo. Nilimuambia mayai ilitoka, alikaa chini, akaniomba nirudilie."

"Na baridi?"

Paluku akatikisa kichwa. "Kule kuko moto, Mama Ngoie, mi karibu nife. Ye iko na pulova mbili. Batoto banamufwata mu njia banacheka. Unayua banamuita nani? Banamuita Mukatanga. Banasema: bantu ba Katanga njo bako vile, banasikiaka baridi."

Nilisimama na trei mikononi. Safari hii niliiweka chini. Paluku akaniuliza kama nina la kumjibu, kwa sababu lori linarudi huko mwisho wa mwezi.

"Umuambie bale batoto banasema kweli," nikasema. "Ye ni muntu wa huku."

Paluku akatafuta kalamu, akaandika maneno hayo nyuma ya kikaratasi cha mizigo ili asije akayakosea.